Klachi ya Feni, Siyo ya Gia

Maskati, Jumatano baada ya alasiri

Mke wangu Mama Asha,

Asalaam aleikum. Vipi hali yako, na kile kiuno kinachokusumbua ukiinama shambani kimepoa? Mama naye anakula vizuri? Mimi mzima, ila joto la huku, we acha tu. Tajiri kaniwekea mkataba mezani: miaka miwili mingine, anataka jibu Ijumaa. Najua nawe hapo Mahege unalingoja jibu hilohilo, na mwenzio nilikuwa sijui nishike lipi.

Kwanza pikapu. Mara hii naandika kwenye karatasi maana kwenye simu tuliharibu. Mimi nilisema "klachi", nikiwa na maana ya klachi ya feni, lile bakuli la chuma mbele ya injini linaloshika feni ya rejeta. Shemeji Seif akamfikishia fundi wa Kibiti neno moja tu, klachi, naye akashusha gia boksi nzima! Jamani! Siku tatu gari liko juu ya mawe, na ile kelele ya gari haikupungua hata chembe. Mpe Seif barua hii aisome mbele ya fundi.

Wafanye asubuhi, injini imepoa na imezimwa, ufunguo ukae mkononi mwako wewe. Seif azungushe feni kwa mkono. Ikienda kwa uzitouzito, nzima. Ikigoma, au ikicheza mbele na nyuma, klachi imekufa. Na wasije wakaichomelea, nawajua mafundi wetu! Ikichomelewa feni haipumziki tena, itanguruma hivyo hivyo na kula mafuta bure.

Ile sauti ya gari uliyonirekodia nimeisikiliza sijui mara ngapi. Nalala chali chini ya gari la watu hapa gereji, nafumba macho, ule mngurumo unanichukua. Napita Mkongo, njia ya kuja nyumbani, mpunga umeinama, upepo unatoka mtoni, nakusikia unafukuza kuku jikoni. Nasahau kama nina spana mkononi. Leo mchana, nyuma ya mngurumo, nikasikia kisauti: "Baba kaja! Baba kaja!" Asha! Nilimwacha anatambaa. Nilifurahi, we, nikasema mwanangu ananijua! Kisha Seif akazima injini, naye mtoto akasema taratibu, "Baba kalala."

Nimecheka, Mama Asha, halafu nikalia, uso wote grisi. Kumbe mnasema "gari la Baba", yeye kashika neno la mwisho tu.

Nisalimie Mama, mwambie dua zake zinafika. Msalimie Seif, sina kinyongo naye, na jirani yetu bibi mkunga aliyempokea Asha.

Karatasi ya tajiri nimeirudisha bila saini. Klachi mpya nakuja nayo mwenyewe kwenye begi. Mwandae mtoto taratibu, mwambie yuko mwingine, hana magurudumu.

Mumeo,
Baba Asha