Mkwe Wangu Anasubiri Kwaya, Mimi Nina Bendi ya Roki

Shangazi Evarista, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbeya mjini nikiwa sina usingizi wala hamu ya kula, naomba unisaidie maana nikianguka safari hii sitaanguka peke yangu.

Mimi naitwa Ipyana, nina miaka thelathini na moja, ni mwimbaji na mpiga gita wa bendi ya roki inayoitwa Radi ya Loleza, tuko watatu, mimi, Ezron wa besi na Saulo wa drams, na mwaka huu tumetoa albamu yetu ya kwanza, Inukeni, ambayo inairudisha ile roki kubwa ya zamani, ile ya viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima watu wameinua mikono, siyo hii miziki ya siku hizi ya kukatika viuno, na nasema bila majivuno kwamba albamu kama hii Nyanda za Juu haijawahi kutoka, ingawa Chunya tulipoipiga mchimbaji mmoja alisimamisha shoo katikati akitaka kututengenezea spika akidhani imepasuka, na siku ya uzinduzi hapa Mbeya, kwa kuwa mashine ya moshi hatuna, Saulo aliwasha magunzi mabichi kwenye ndoo nyuma ya jukwaa, watu wakakohoa mpaka solo yangu ndefu haikusikika vizuri, lakini walisimama wote, Shangazi, ukumbi mzima walisimama, wakatoka nje.

Sasa shida ni hii. Nina mchumba, Yusta, binti wa Ilula, na baba yake, Mzee Aroni, ni mzee wa kanisa la Kilutheri na mkulima wa nyanya, mtu mpole lakini akikuangalia unajiona kama umekwenda shule bila kuchana nywele, na mimi nywele zangu zinafika mabegani, nimezifuga kwa ajili ya albamu. Mwezi wa sita tulikwenda kuposa, na mjomba wangu aliyetakiwa kuwa mshenga akashikwa na mgongo asubuhi ileile, basi tukamchukua Saulo kwa sababu ana kipara na akivaa koti anaonekana mtu mzima, mimi nikaficha nywele ndani ya kofia ya sufu, na kwa kuwa kulikuwa na baridi hakuna aliyeuliza.

Unaijua desturi, Shangazi, mposaji hasemi, anayesema ni mshenga, kwa hiyo Mzee Aroni alipouliza, "Kijana wenu anajishughulisha na nini?" mimi niliangalia viatu vyangu, na Saulo, badala ya kusema kijana anauza vipuri vya pikipiki na ana bendi, akasema, "Mzee, kijana wetu ni mwimbaji. Ana kwaya yake Mbeya, na mwaka huu wametoa albamu." Mzee akauliza albamu inaitwaje, Saulo akasema Inukeni, Mzee akasema amina. Akauliza waimbaji wako wangapi, Saulo akasema, "Kikifika kiitikio, mzee, ni ukumbi mzima."

Hapo wakamwita Yusta, kama inavyofanyika, aje aulizwe mbele ya mashangazi zake kama wageni anawafahamu, na baba yake akamuuliza, "Haya aliyosema mshenga kuhusu huyu kijana, unajua kuwa ni kweli?" Yusta akaniangalia, akasema, "Ndiyo, baba." Nilifurahi sana maana alionyesha kuniunga mkono kama mke wa msanii anavyotakiwa. Jioni alilia kwenye simu lakini sikumuuliza, nilijua ni furaha ya albamu.

Posa ikapokelewa, Mzee akasema hataki makuu kwetu, ana ombi moja tu, kwaya ya mkwe ije iimbe kwenye ibada ya mavuno kabla ya mnada wa mazao, na Jumapili iliyofuata akatangaza kanisani, kwaya ya vijana ya pale imekubali kutupisha zamu yake, na mama mkwe ameuliza sare zetu ni za rangi gani ili apambe madhabahu ifanane nazo. Mavuno yenyewe ni Jumapili baada ya hii inayokuja. Ezron anasema twende na vyombo vyote, kanisa likishasikia kiitikio litasahau mengine. Saulo anasema tuazime majoho tupunguze sauti. Mimi nimewaza kusema koo limeharibika lakini naogopa watakuja mpaka Mbeya kuniombea. Yusta naye siku hizi simu hapokei, nikimwandikia anajibu "Sawa" basi.

Kwa kweli, Shangazi, mimi sikusema uongo, mdomo wangu sikuufungua, lakini mzigo wote umeniangukia mimi. Swali langu ni je, niache muziki, roki ife mara ya pili, au nimwache Yusta? Na kama tutapewa nafasi, unaona solo ya kanisani niifupishe kiasi gani? Flashi yenye albamu nimeiweka ndani ya bahasha.

Ipyana, Mbeya.

*

Marahaba, Ipyana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikavua miwani, mara ya pili sikucheka.

Tuanze na muziki, maana najua hutasikia kingine mpaka niutaje. Unasema mmeirudisha roki ya zamani. Mimi nimezaliwa Iringa, nimeolewa Tukuyu, nimezeekea hukuhuku, na roki niliyowahi kuiona ni kaseti moja ya kaka yangu, ikaliwa na redio wiki ileile. Sasa mnairudisha kutoka wapi, sijui. Hata hivyo flashi yako nimeisikiliza. Wimbo wa tatu ni mzuri, nilijikuta nauimba nikimenya viazi. Hiyo solo ilianza viazi vikiwa vibichi, nikaepua, bado inaendelea. Piga muziki wako, baba. Katika barua yako yote hakuna hata mtu mmoja aliyekuambia uchague kati ya gita na Yusta. Umejitungia swali la kishujaa ili usiulizwe lile la aibu.

Nami nakuuliza hilohilo. Unasema hukufungua mdomo. Mposaji hukaa kimya kwa heshima, ili asijisifu mbele ya wakwe. Hakuna aliyesema akae kimya ili ajifiche. Mshenga ni mdomo wako, akidanganya umedanganya wewe. Na mshenga gani huyo? Mshenga ni mtu ambaye mambo yakiharibika anaweza kurudi kwa wakwe akaketi akasikilizwa. Saulo akirudi Ilula atafanya nini, awashe magunzi?

Sasa Yusta. Binti anapoitwa na kuulizwa mbele ya mashangazi zake, wewe uliona ni sehemu ya sherehe. Siyo. Pale neno lake ndilo linalokudhamini, na ukiharibu watamrudia yeye wamwambie, si ulituambia unamjua? Umeandika kwa mkono wako kwamba alikuangalia kabla hajajibu. Alikuwa anakungoja useme, "Baba, kuna jambo." Wewe ukaangalia viatu. Mtoto wa watu akamdanganya baba yake kwa ajili yako, na kila Jumapili anakaa kanisani anapongezwa kwa kwaya ambayo haipo. Halafu unaniambia alilia kwa furaha ya albamu. Jamani, Ipyana, umenichosha.

Nisikilize. Leo hii mwandikie Yusta, umwombe radhi bila kujieleza, umwambie unakwenda kwao kusema ukweli na kwamba yeye hatasema chochote kwa niaba yako. Kisha mchukue mjomba, mgongo upone usipone, mpande basi la Dar kabla ya Jumapili hii, mshuke Ilula mchana kweupe. Gita libaki Mbeya, na Saulo abaki nalo. Kofia ivue mlangoni, nywele zako wazione, hazijaua mtu. Mjomba akishaomba nafasi, utasema wewe mwenyewe, kwa sababu radhi haina mshenga. Sema hivi: Mzee, sina kwaya. Nauza vipuri vya pikipiki, na nina bendi ya watu watatu yenye kelele. Yusta alisema ndiyo kwa kuwa mimi nilinyamaza, kosa hilo ni langu. Ukimaliza hapo, tulia. Usianze kumweleza historia ya roki.

Vijana wa kanisa warudishiwe zamu yao mapema wapate kufanya mazoezi. Majoho msiazime. Na huyo Ezron mwambie kanisa si uwanja wa kutekwa na kiitikio chenu.

Mzee anaweza kukukatalia. Utarudi Mbeya huna mchumba, nami nitakuhurumia kweli, lakini Yusta atabaki kwao akiwa binti mwenye dhamiri safi mbele ya baba yake, na hilo kwa sasa hana kwa sababu yako. Mzee akikusamehe, siku ya mavuno nenda kama mkwe, beba matenga ya nyanya mpaka kwenye mnada, imba na waumini wengine ukiwa mstari wa nyuma. Akitaka mwenyewe kuusikia ule wimbo wa tatu, mpigie nyumbani kwake, bila umeme na bila solo.

Albamu nzima umewaambia watu wainuke. Siku ile Yusta alipoitwa alisimama peke yake katikati ya chumba, akakuangalia, na wewe ulikuwa umekaa.

Shangazi Evarista