Filamu ya Mama Moraa

Jumatatu, 6 Mei

Nyacheki. Blanketi madirishani tena, mpaka ukumbi wa kanisa ukapata giza la kutosha. Jenereta ilisumbua kuwaka. Shuka jeupe ukutani, filamu ya kipindupindu ile ile iliyoletwa kutoka Nairobi. Daktari mwenye tai anachemsha maji kwenye jiko la gesi. Wakulima wa majani chai wamekaa kwa adabu, wananiangalia mimi kuliko picha. Mama mmoja mzee akasema neno kwa Ekegusii, ukumbi mzima ukacheka. Ondieki, dereva wetu na ndiye mkalimani wangu, alinieleza tukifunga vyombo: "Anasema huyo daktari hajawahi kupuliza moto wa kuni."

Ni kweli. Mimi mwenyewe ni mtu wa ziwani. Nimefanya kazi ya elimu ya afya Kisii mjini miaka mingi na bado siwezi kuwaambia watu hawa neno wakaliamini. Huko Kebirigo wanazika. Sisi tunaonyesha tai.

Alhamisi, 9 Mei

Nimempata mtu. Anaitwa Kerubo, wengi humwita Mama Moraa. Anauza uji sokoni Kebirigo. Aliugua, akalazwa kituo cha afya, akapona. Mama mkwe wake hakutaka kamera iingie jikoni. Kerubo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili mama mkwe naye asikie kwamba amekata shauri: "Madam, mimi Mungu aliniacha nikiwa hai. Nikinyamaza, nitamwambia nini?"

Tulipiga picha mchana kutwa. Moshi machoni. Alieleza kwa lugha yake jinsi alivyotapika, alivyoharisha mpaka akashindwa kusimama, na alivyonyweshwa maji ya chumvi na sukari. Bintiye Moraa, wa darasa la pili, alimshikia kikombe. Maneno ya onyo niliandika mimi, Ondieki akayatafsiri, Kerubo akayasema: usimguse mgonjwa bila kunawa mikono kwa sabuni, na umkimbize kituoni mara moja.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii.

Jumapili, 12 Mei

Tumeionyesha kwa Wakatoliki baada ya misa. Hakuna aliyecheka. Mtu alikuwa analia nyuma. Walipotoka walipanga foleni kwenye ndoo ya kunawa bila kuambiwa. Mkubwa wangu amefurahi, ametaka iingie kwenye simu za watu. Nimewatumia vijana wa sokoni, wao wakatumiana.

Leo nimelala mapema. Nina furaha, nasema ukweli.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya soko Kebirigo. Sufuria ya Kerubo ilikuwa bado imejaa saa sita mchana. Wenzake walikuwa wameshaosha vikombe.

Kuna mtu amekata kipande cha filamu, pale anapoeleza kutapika tu, akaandika juu yake: uji wa kipindupindu. Kimefika kila mahali. Hata mwanamume aliyekuwa akinywa kwake kila asubuhi alipita upande wa pili wa barabara.

Nilinunua kikombe, nikakinywa nimesimama mbele ya watu wote. Hakuna aliyejali. Kerubo alinishukuru kama mtu anayemshukuru mgeni. Uji uliobaki aliwamwagia nguruwe wa jirani.

Alhamisi, 16 Mei

Nilimwomba mkubwa tuisimamishe. Akasema watu wameanza kuja kituoni kwa sababu ya filamu hiyo. Hasemi uongo, nimewaona mwenyewe. "Unataka nimlinde mmoja, wengine wafe?" Na hata angekubali, cha kwenye simu za watu hakirudi.

Nilimwendea Kerubo, nikamwambia tupige nyingine, watu wamwone mzima, anapika. Alikataa. Alikuwa akipalilia, hakuinua kichwa.

Jumatatu, 20 Mei

Moraa amekufa.

Ondieki ndiye aliyenipigia simu. Mtoto alianza kuharisha jana asubuhi. Kerubo aliogopa kumpeleka kituoni, watu wasije wakamsema tena. Akamchanganyia maji ya chumvi na sukari kama kwenye filamu, akamnywesha, akafunga mlango. Leo mtoto alipolegea, Kerubo alikimbia naye barabarani kutafuta bodaboda. Kijana wa kwanza alimtazama mtoto akasema hawezi. Alikuwa ameona filamu. "Mama, wewe mwenyewe ulituambia tusimguse mgonjwa."

Wa pili naye akakataa. Kerubo akambeba mwenyewe mgongoni. Mtoto alifia njiani, kabla ya kufika kwenye lami.

Usimguse mgonjwa bila kunawa mikono kwa sabuni. Sentensi ilikuwa ndefu. Walibaki na nusu yake. Mimi ndiye niliyeiandika.

Jumanne, 21 Mei

Mazishi ya haraka, watu wa afya wamevaa mavazi meupe. Chakula cha msibani kimepigwa marufuku, kwa hiyo majirani wengi hawakuja, au hiyo ndiyo sababu waliyoitoa. Nilisimama kwenye migomba. Mama mkwe aliniona akageuka.

Kerubo alikuja mwenyewe.

"Bado mnaonyesha?"

Nikasema ndiyo.

"Moraa yuko ndani."

"Nitamtoa."

"Hapana. Mwacheni. Picha yake nyingine sina."

Sikuweza kulia mbele yake. Ningekuwa namwibia.

Jumatano, 29 Mei

Nyamache. Kerubo ameondoka Kebirigo, amerudi kwao, sijui ni wapi hasa na sijauliza. Ondieki amehamishiwa gari lingine. Dereva mpya si mtu wa kuongea.

Tulitundika shuka katika darasa la shule ya msingi, tukatangaza kwa kipaza sauti, tukangoja. Mvua ilinyesha ikakatika. Walikuja wazee wawili, wakaketi, wakaondoka kabla sijawasha mashine. Lori la maji safi tuliloahidiwa halikufika leo pia.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka chemchemi, madumu kichwani. Maji yale yale. Hakuna mengine. Kuni za kuyachemshia zimelowa zote. Walinisalimia kwa Ekegusii, mmoja baada ya mwingine. Nikaitikia. Sikumsimamisha yeyote.