Miguu Chini ya Pikapu

Salamabila, 3 Machi 2024

Kwa Baba mkwe, Mzee Kamaldine, Kasongo.

Salamu nyingi, Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na Mama Aziza. Sisi huku wazima. Binti yako Safi anakusalimu, na mjukuu wako Rehema pia. Ana miaka minne sasa na hanyamazi.

Baba, nilikupigia simu mara sita, na mara zote ukakata. Mama akanieleza kwamba sauti yangu hutaki kuisikia, ila karatasi yenye maandishi hujawahi kuitupa. Basi ninaandika. Motari Bulaimu anashuka Kasongo kila wiki na pikipiki yake, atakuletea.

Shida ni pikapu niliyoinunua mwaka jana kwa Iliasi, yule mwuza mawese. Inachemka. Makanika wa hapa wameitoa thamostati, haikusaidia. Wamebadilisha kifuniko cha radieta, haikusaidia pia. Kama ingekuwa biashara yangu tu nisingekusumbua, lakini Safi ana mimba ya miezi sita na nusu. Unakumbuka Rehema alizaliwa kwa kupasuliwa. Daktari aliyempasua yuko huko Kasongo, amesema safari hii pia itakuwa kisu, na amemkataza kabisa pikipiki. Mwanzoni mwa Mei ni lazima nimlete kwa gari, njia ya Kabambare. Siwezi kumweka kwenye gari linalosimama kila mlima.

Wewe umetengeneza magari miaka arobaini. Naomba shauri lako.

Mkwe wako,
Aganze


Kasongo, 14 Machi 2024

Kwa Aganze.

Salamu zimefika. Sisi wazima, Alhamdulillahi, ila Mama Aziza magoti yanamsumbua. Niko kwenye mfungo, kwa hiyo nitaandika nusu tu ya ninayofikiri.

Wamekutolea thamostati. Nilijua kabla sijafika mstari huo. Makanika wa Salamabila gari likichemka wanatoa thamostati, likikataa kuwaka wanatoa thamostati, na nadhani hata kioo kikivunjika wanaitafuta waitoe. Nanyi mnawatazama na kuwashukuru. Watu wa machimbo mmezoea kuchimba mpaka kitu kitokee. Injini haichimbwi, inaulizwa. Wewe hata hukuniambia inachemka lini. Mgonjwa anakwenda kwa daktari, anasema "naumwa", halafu ananyamaza, ndivyo ulivyoniandikia.

Nataka kujua inachemka ikiwa inakimbia kwenye tambarare, au inapopanda mlima na kusimama kwenye tope. Kisha asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa, weka mkono kwenye feni uizungushe. Uniandikie kama inateleza peke yake au inagoma pamoja na mkanda. Mwisho, washa injini, chukua karatasi moja ya daftari, uiachie mbele ya radieta. Feni nzima huivuta karatasi ikagandama. Tazama yako inafanya nini.

Kama huelewi, mpe Safi asome. Alikulia chini ya magari yangu na anajua zaidi yako na makanika wako wote. Simu usinipigie.

Baba yake Safi,
Kamaldine


Salamabila, 24 Machi 2024

Baba mkwe,

Pole na mfungo. Natumaini magoti ya Mama yamepata nafuu. Sisi wazima. Tunakushukuru kwa nusu uliyoiandika. Safi aliisoma kwa sauti barazani na majirani wakaja kusikiliza, kwa hiyo sasa Salamabila yote inajua unavyotuona. Makanika wawili hawanisalimii tena.

Haya majibu. Kwenye tambarare, nikikimbia, mshale wa joto unashuka wenyewe. Nikipanda mlima au nikisimama kwenye tope, unapanda mpaka mwisho. Feni nikiizungusha kwa mkono haitelezi hata kidogo, inagoma pamoja na mkanda. Safi aliinama na tumbo lake akachungulia, akasema, "Hapa klachi ya feni haiko. Mutu alitoa, akafunga kipande cha chuma." Ni kweli. Mahali pa hiyo klachi, inayoiacha feni iteleze, feni imefungwa moja kwa moja kwa bamba la chuma lililokatwa kwa mkono.

Na karatasi: haikuanguka, haikugandama. Iliegemea kidogo, ikatetemeka, ikateleza chini. Tulijaribu mara tatu. Radieta niliiosha mwenyewe mwezi jana, haina tope, na mkanda ni mpya.

Nimejibu yote uliyouliza, Baba. Sasa naomba nawe ujibu bila kuanza na machimbo. Babangu alichimba dhahabu kwa mikono yake miwili akanisomesha mpaka nikajua kuandika barua hii unayoidharau.

Mkwe wako,
Aganze


Kasongo, 2 Aprili 2024

Kwa Aganze.

Salamu. Tuko wazima. Mwandiko wako mbaya lakini majibu yako safari hii yana akili. Nadhani ni ya Safi.

Feni yako imefungwa kinyume, mgongo mbele. Wajinga husema feni ikigeuzwa inapuliza kwenda nje. Sivyo. Inavuta upande uleule, ila inavuta kivivu, kama ulivyoona kwa karatasi. Gari likikimbia upepo wa njiani unaisaidia, kwa hiyo hamjui. Likisimama, inabaki feni peke yake, na feni yenyewe haifanyi kazi. Tazama mapanga yake: upande uliobonyea unatakiwa kutazama injini. Wako, bila shaka, unatazama radieta.

Najua jinsi ilivyotokea. Ninyi madereva wa huko mkifika kwenye ule mto usio na daraja kabla ya Kabambare, mnaitoa feni ili isipige maji ikapinda na kukata radieta, kisha ng'ambo mnairudisha haraka haraka, abiria wanapiga kelele, hamtazami. Kosa hilo sijaliona popote ila kwenye njia yenu. Lakini wewe dereva ni nusu ya ujinga. Nusu nyingine ni ya yule aliyekata hilo bamba. Makanika mwenye kichwa hutoboa matundu yasiyolingana, ili feni ikubali upande mmoja tu. Huyu alitoboa sawasawa kama anayepamba kitambaa. Huyo ni punda, na mtu anayepanda gari lililofungwa na punda anamkabidhi punda roho yake.

Igeuze. Kisha nataka jina la huyo mtu. Ningependa kumwona uso kwa uso na kumwuliza alijifunza kwa nani. Mpaka nimjue, binti yangu asipande gari hilo.

Baba yake Safi,
Kamaldine


Salamabila, 14 Aprili 2024

Baba mkwe,

Idi njema iliyopita. Tunatumaini mlikula vizuri na mko wazima. Sisi wazima. Safi miguu inamvimba kidogo, mtoto anacheza.

Nimeigeuza feni. Karatasi iliruka mkononi mwa Rehema ikagandama kwenye radieta mpaka nilipozima injini. Nimepanda mlima wa machimbo na mzigo wa mchanga, mshale umekaa katikati. Kwa hilo nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Sasa jina uliloliomba.

Kwanza, mimi sijawahi kuitoa hiyo feni. Mtoni ninalegeza mkanda tu, feni inasimama, ninapita. Bolti zake zilikuwa zimeshika kutu hivi kwamba nilizimwagia mafuta siku mbili ndipo zikalegea. Hakuna mkono uliozigusa tangu aliyezifunga. Pili, nilipofuta bamba niliona alama tatu za kupigwa kwa nyundo na msumari, zimepangwa pembe tatu. Nikamwonyesha Safi. Alizitazama, akaniambia, "Uifute vizuri kwanza." Nikafuta. Akazigusa moja moja kwa kidole, akanituma kwa Iliasi.

Nikaenda kwa Iliasi. Hivi ndivyo alivyosema, nakuandikia kama nilivyosikia: "Ile bamba ni muzee Kamaldine alikata, mwaka wa elfu mbili kumi na nane. Nilikuja kuchukua gari, nikamukuta na hasira sana. Watu walikuwa walikuja kumuomba mutoto wake. Alinipatia ufunguo bila kunisalimia."

Baba, siku ile nilikuja kuposa, na baba mdogo na wazee wawili kutoka Bukavu, nimevaa koti la kuazima. Ulikuwa chini ya pikapu nyeupe. Hukutoka. Ulitujibu ukiwa hukohuko chini, kwamba binti yako si wa kupelekwa mashimoni. Nilizungumza na miguu yako kwa nusu saa. Pikapu ile niliitazama sana kwa sababu sikuwa na uso wa kutazama. Leo ni nyekundu, Iliasi aliipaka rangi. Lakini ndiyo hii.

Uliniambia ungependa kumwona huyo punda uso kwa uso. Mimi pia nilipenda, miaka sita iliyopita.

Mkwe wako,
Aganze


Salamabila, 3 Mei 2024

Baba mkwe,

Salamu. Natumaini mko wazima. Bulaimu amekwenda na kurudi mara mbili bila barua yako. Anasema amekukuta garajini umekaa kwenye kiti, na kazi umemwachia Kamungwa fundi wako. Sikujua kwamba matusi yakikuishia huna neno jingine la kumwandikia mtu.

Sikuomba unitake radhi. Niliomba ruhusa, kwa sababu uliandika Safi asipande gari mpaka ujue. Umekwisha kujua. Yeye amesema bila neno lako haondoki, atazalia hapa. Nimemsihi siku kumi. Ni mgumu, na unajua aliurithi wapi ugumu huo. Mimi siogopi tena mlima, naogopa kimya chako. Daktari ametupa mpaka tarehe kumi.

Nitawasha gari Jumatano tarehe nane, alfajiri, nitaliweka mlangoni. Kama hana neno lako hatapanda, na lolote litakalompata, ulipige alama zako tatu, litakuwa kazi yako.

Aganze


Kabambare, 7 Mei 2024

Kwa mkwe wangu Aganze, Salamabila.

Asalam aleikum. Mimi mzima, ila mgongo. Nimekaa siku mbili nyuma ya pikipiki ya Bulaimu, na nina miaka sitini na tisa. Mama Aziza mzima, amebaki Kasongo anatandika kitanda cha Safi. Bulaimu anapanda kwenu leo hii na barua hii. Mpe chai, ingawa anaendesha vibaya.

Alama tatu ni zangu. Nimezipiga kwenye kila kitu nilichokitengeneza, ili mtu asije akasema kazi nzuri ni ya mwingine. Siku ile nilikuwa nimeshika feni mkononi mlipoingia. Wewe uliona miguu yangu. Mimi niliona viatu vyako, vina tope jekundu kwenye nyuzi, na nilivichukia viatu hivyo nusu saa nzima huku mikono ikifunga bolti bila macho. Iliasi aliendesha gari hilo miaka mitano, wewe mmoja, linachemka, na mimi hapa nawatukana makanika wa watu. Waambie wale wawili wa Salamabila kwamba nimesema walikuwa wajinga kuitoa thamostati, lakini punda ni mimi. Waambie yote mawili.

Barua yako ya tatu, ile ya alama, niliisoma mara nyingi. Nimeanza majibu manne nikayachana, na mimi karatasi yenye maandishi sichani. Sikuwa nimekasirika. Niliona haya.

Safi, mwanangu, panda gari. Ni neno langu. Mumeo alifuta bamba vizuri na alijua kuuliza injini. Wengi niliowafundisha hawajui.

Aganze, mimi nitakaa mtoni, upande huu wa maji. Nimebeba klachi ya feni nzima na funguo zangu. Mkanda legeza kama ulivyozoea, pita polepole. Ukifika ng'ambo zima injini, mwache Safi akae kivulini, nitalala chini nilitoe bamba langu na kulitupa majini. Kazi ya saa moja. Usiniletee maneno wakati niko chini. Ngoja nitoke, kisha usimame mbele yangu useme yale uliyokuja kuyasema na koti la kuazima. Nitakujibu nikiwa nimesimama.

Mwandiko wako bado mbaya.

Mkwe wako,
Kamaldine