Uwanja Wetu Umekuwa Jaruba

Jumamosi jioni, Januari. Joto la leo ni lile la kabla ya mvua, nguo inanata mgongoni hata ukiwa umekaa tu. Mvua yenyewe imezunguka huko milimani tangu mchana na haijashuka. Miguu inaniuma, koo linaniuma, na sijui kama nimechoka kwa kazi au nimechoka kwa kushindwa.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya walimu wenzangu kwenye semina Ifakara mjini, nikazungumza juu ya historia na misingi ya elimu ya viungo. Wakati nazungumza, kule shuleni kwetu Idete maksai wa Masanja, mmoja wa wazazi, walikuwa wanalima uwanja wa michezo.

Nilijua wanalima. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono ulimwe.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Mume wangu amehamia shamba ng'ambo ya mto, kama nusu ya kijiji msimu huu, na simu huko inashika ikitaka.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Nafundisha na Kiswahili na Jiografia, maana shule ya kijijini haina mwalimu wa somo moja, lakini watoto wananijua kwa uwanja. Uwanja wetu haukuwa wa kujivunia. Magoli ya mianzi, nyasi zinazokata miguu, na upande wa chini ukijaa maji kila masika hadi vyura wanahamia. Lakini ulikuwa uwanja. Nimewafundisha pale watoto ambao sasa wananiletea watoto wao.

Afisa elimu wa kata ndiye alinipa hiyo mada ya leo. Alinipigia simu: "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa michezo. Tuandalie kitu, walimu wajue hili somo limetoka wapi." Nikafurahi. Ni mara chache mtu anauliza somo langu limetoka wapi. Kawaida wanauliza kwa nini bado lipo.

Jumapili iliyopita nikakaa na simu nikisoma mpaka macho yakauma. Nikasoma juu ya Wayunani wa kale, waliokuwa na mahali maalumu pa vijana kufanyia mazoezi, tena wakiwa uchi. Nikajua hapo walimu watacheka. Nikasoma juu ya Wajerumani na Waswidi, walivyowapanga watu mistari na kuwanyoosha viungo kwa amri, na nyuma ya amri hizo kulikuwa na vita: nchi zilitaka vijana watakaofaa uaskari. Waingereza nao walikuwa na kwata na mipira yao. Mambo hayo yakaja mpaka huku, kwenye shule za serikali ya kikoloni na za misheni. Ndiyo maana hadi leo nikisema "mguu sawa" mtoto wa darasa la kwanza anakakamaa kama yuko kambini, na wala si mimi niliyetunga amri hiyo.

Kilichoniudhi ni kwamba katika yote niliyosoma, sisi tunatokea mwishoni, tukiwa tunapangwa mistari. Kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumelala. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mndamba wa mtoni. Alisimama kwenye mtumbwi mwembamba akisukuma kwa upondo dhidi ya maji, na mama anasema vijana walifundishwa kusimama vile, wakaanguka, wakacheka, wakapandishwa tena mpaka miguu ikajua. Hakuna aliyeita hiyo elimu ya viungo. Mimi nimeiita hivyo leo, mbele ya watu, na hakuna aliyenibishia.

Halafu ukaja uhuru, zikaja halaiki, na shule zikaambiwa zilime zijitegemee. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Niliona kumbe jembe na mpira vimeanza zamani kugombania ardhi ileile ya shule.

Sikujua kwamba wiki hiyohiyo zamu yangu ingefika.

Jumatatu nilikuwa na darasa la tano, kipindi cha mwisho kabla ya saa sita. Mbio za kupokezana vijiti. Skola alikuwa wa pili kwenye mstari wake. Skola ni mtoto mwembamba, mwepesi, anakimbia bila kelele. Alipokea kijiti vizuri, akaenda hatua chache, halafu akakaa chini. Hakuanguka kama mtu aliyejikwaa. Alikaa taratibu, kama mtu anayekaa kwenye mkeka, kisha akalala ubavu.

Watoto walicheka kwanza. Mimi nilikimbia.

"Skola, umeumia wapi?"

"Sijaumia, mwalimu."

"Umekula nini leo?"

Rafiki yake, Fatuma, ndiye alijibu: "Kwao hawajapika toka jana, mwalimu. Mama yake yuko shamba."

Nilimbeba mgongoni mpaka kwa bibi yake. Ni mwepesi mno kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mlenda, na unga wenyewe alikuwa bado anautafuta kwa majirani. Akanishukuru sana, na kila neno la shukrani lilizidi kunielemea.

Kila mwaka ni hivi. Wazazi wanavuka mto kwenda kulima, wanalala kwenye vibanda vya shamba wasije nguruwe na tumbili wakamaliza mbegu, na watoto wanabaki kijijini kwa ajili ya shule, na bibi, au na dada mkubwa ambaye naye ni mtoto. Chakula cha mwaka jana kinaisha Januari. Cha mwaka huu bado ni mbegu. Uji wa shule unategemea michango, na michango inategemea kama mzazi yupo.

Alhamisi kukawa na mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alisimama akasema kamati imependekeza uwanja wa michezo ugeuzwe jaruba, ulimwe mpunga wa chakula cha wanafunzi. Hakuzungukazunguka. Wazazi wakanigeukia mimi, maana wote wanajua uwanja ni wa nani.

Masanja akaomba kuzungumza. Ni Msukuma, alikuja bonde hili na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, na watoto wake wanne wamepita mikononi mwangu. Alivua kofia.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi sigombani na mpira. Wangu wanapenda mpira kuliko ng'ombe, na hilo linanisumbua. Lakini pale maji yanakaa. Penye maji mpunga unakubali. Maksai ninao, nitalima bure."

Nikasimama. Kichwani nilikuwa na Wayunani, Wajerumani, babu yangu na upondo wake, yote niliyoyaandaa. Nikaanza vizuri. Nikasema mtoto hana mwili mmoja wa shule na mwingine wa nyumbani. Nikasema mtoto anayecheza anajifunza kungoja zamu yake, kushindwa bila kupiga mtu, kujiamini. Nilikuwa naongea vizuri, nakubali. Watu walikuwa wanasikiliza.

Bibi yake Skola akasema kutoka alipokaa, bila kunyoosha mkono, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, Jumatatu ulimbeba mjukuu wangu mpaka nyumbani. Mungu akubariki. Sasa ukishamfundisha kukimbia, akimbilie kula wapi?"

Hakuwa ananisimanga. Alikuwa anauliza.

Nikatafuta jibu. Nililitafuta kwa uaminifu kabisa, mbele ya watu wote, na sikulipata. Nikakaa.

Mwalimu mkuu akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka. Wangu ukanyooka mwisho, na nikaona Masanja ameinamisha macho, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Kwa hiyo leo nimekwenda mjini kueleza misingi ya somo ambalo halina uwanja.

Walicheka kwenye Wayunani, kama nilivyojua. Mwishoni mwalimu mmoja kijana, anafundisha Mang'ula, akauliza swali ambalo pengine wote walikuwa nalo: "Madam, kwa heshima. Mtoto wa huku anatembea mbali kuja shule, jioni analima, anachota maji. Viungo vyake vinataka elimu gani tena?"

Na hapo jibu likaja. Siku mbili baada ya kulihitaji.

Nikamwambia, jembe linamfundisha mtoto kuinama. Ndoo inamfundisha kukaza shingo. Vizuri. Lakini ni nani anamfundisha kurusha na kudaka, kuruka bila sababu, kujiachia akaanguka na mwenzake akamnyanyua? Kazi tunampa kwa sababu sisi tuna shida. Ni lini mwili unakuwa wa kwake mwenyewe? Wote waliotupangia somo hili walikuwa na shida yao, wengine walitaka askari, wengine walitaka wakulima. Mimi nataka huyu mtoto awe na muda mfupi kwa wiki ambao hakuna anayemtaka kitu.

Nikaogopa nimehubiri.

Nimerudi mchana nyuma ya bodaboda, nikapitia shuleni. Sehemu kubwa ilikuwa imeshalimwa. Udongo mweusi umepinduliwa, magoli yamelazwa kando ya choo, korongo weupe wanaokota wadudu pale penye duara la katikati. Masanja akasimamisha maksai akanisalimia kwa adabu zaidi kuliko siku zote. Udongo ni mzuri. Nilitaka uwe mbaya, lakini ni mzuri.

Mwalimu mkuu alikuwepo, anasimamia. Akaniambia kwa upole kwamba kwa kuwa uwanja haupo, kamati inaona vipindi vya michezo vihamie Hisabati, darasa la saba wana mtihani mwaka huu.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilikuwa nimechoka hata kusimama.

"Mkuu, uwanja nimetoa. Vipindi sitoi."

"Sasa utafundishia wapi, mwalimu?"

"Mbele ya ofisi yako."

Akanitazama. Masanja akacheka kwa sauti, halafu akajifanya anawasemesha maksai. Mwalimu mkuu akasema tutaongea. Nimemfahamu miaka mingi; akisema tutaongea, maana yake ameshakubali lakini hataki kuonekana.

Kwa hiyo nimeshinda kitu, nadhani. Lakini nimekaa hapa nimetia miguu kwenye maji ya chumvi na sioni ushindi ulipo. Mpunga ule utavunwa mwezi wa sita. Skola ana njaa Januari. Katika mkutano wote ule hakuna aliyeuliza watakula nini kati ya sasa na mavuno, hata mimi, nilikuwa nimeshughulika na kuomboleza uwanja.

Kesho baada ya ibada nitawafuata wazazi waliobaki kijijini, mmoja mmoja, kuomba mahindi ya uji. Wengine watanikwepa. Masanja hatanikwepa, na nitaanza kwake.

Jumatatu darasa la tano wana kipindi. Kabla sijamwambia mtoto yeyote akimbie, nitauliza nani amekula.