Mama Alificha Baiskeli Runingu

Dada yangu mpendwa,

Neno "mpendwa" ni la mama, si langu. Alikuwa akisema barua isiyoanza kwa upendo haifai hata kufungia karanga. Nimeliweka kwa heshima yake, nawe usilisome mara mbili.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe ulisema hadharani. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu unasoma na kunyamaza. Labda utasikia kwa watu, kama sisi tulivyokusikia.

Unaikumbuka baiskeli ya baba? Nyeusi, nzito, keria yake imepinda kwa magunia ya mihogo. Baba alipokufa, mama aliisukuma mwenyewe kutoka shamba la Runingu hadi soko la Uvira, yeye ameshika usukani, sisi wawili tunasukuma gunia kwa nyuma. Siku moja tukirudi, keria ikiwa tupu, ulipanda. Miguu yako haikufika chini. Mama alishika kiti akakimbia nawe, kitambaa chake cha kichwani kikaanguka, hakurudi kukiokota. Mimi ndiye niliyekiokota. Akawa anakwambia, "Angalia mbele, weye. Usiangalie minye." Hukumwangalia yeye, ukaangalia mbele. Somo hilo ulilishika kuliko yote.

Ulipoanza mazoezi na vijana wa klabu ya baiskeli, wanawake wa mtaa wetu wa Rugenge walisema msichana anayekaa juu ya baiskeli namna ile hatazaa. Mama aliwacheka, lakini kaptura zako za kubana alizianika ndani, chumbani kwake, jicho la mtu lisizione. Jioni ulipokuwa unarudi kutoka tambarareni, ulimkuta mwanzo wa mji, amesimama kati ya madereva wa pikipiki na kikwembe mkononi, akufunge kiunoni kabla hujapita mbele ya kanisa. Alikuwa ametoka shambani, hajala. Ulikuwa unanyoosha mikono tu anakufunga, huku unamweleza habari za mlima na upepo.

Halafu ukaja ule msimu ambao watu wenye bunduki walipita wakichukua baiskeli. Tulikuwa Runingu kwa kuvuna, na baiskeli ya mashindano uliyopewa na klabu ilikuwa nasi huko shambani, inang'aa. Mama aliibeba begani, akailaza katikati ya mihogo, akaifunika kwa majani. Walipofika walisema wamesikia kuna baiskeli. Mama akawatolea ya baba. Aliwafutia hata vumbi, wasipate sababu ya kutafuta nyingine. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya jiko, na mimi pembeni yako, mkono wako mdomoni mwangu nisilie. Kwa hiyo usiseme hukuona. Tangu siku hiyo mihogo yetu ilikwenda sokoni kichwani mwa mama.

Ukapanda. Timu ya taifa, kisha Ulaya, timu ya watu wanaolipwa kuendesha. Tulikuwa tunakutazama kwenye simu ya jirani yetu, mtandao ukikata kila dakika. Mama aliniuliza mbona kila mara unarudi nyuma kwenye gari wakati wenzako wanakwenda. Nikamweleza kwamba ndiyo kazi yako: unachukua chupa za maji, unazijaza mgongoni, unampelekea mkubwa wa timu, kisha unakaa mbele yake umkinge upepo ili ashinde yeye. Mama alicheka sana. "Basi iko kazi ya mama," alisema. Alifurahi siku nzima.

Kisha yakaja yale mazungumzo yako. Jirani alituita, simu mkononi, anadhani anatuletea zawadi. Ulisema kwa Kifaransa kizuri kwamba mama yako alikuwa adui wa baiskeli, kwamba aliificha shambani usiendeshe, kwamba ulifika hapo ukiwa peke yako. Ukafuta jicho. Yule mwanamke aliyekuwa anakuhoji naye akafuta jicho. Jirani alikuwa anatafsiri kwa sauti, na alipofika kwenye shamba akapunguza sauti.

Nilitaka kukupigia saa ileile nikutukane. Mama alinishika mkono. "Mumuache," alisema. "Pengine ile maneno ndiyo iko inamupatia kazi kule." Akaingia ndani. Kamba uliyokuwa unaanikiwa kaptura bado ilikuwepo chumbani. Siku hiyo aliifungua.

Alipougua hakukutaja kwa ubaya hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alipokufa nilikupata kwenye simu mara moja tu. "Minye siwezi kuacha ekipe," ulisema. "Utanielewa." Sikukuelewa, dada. Kwenye timu yako ulikuwa na mtu wa kumpelekea maji.

Sasa nikukumbushe usichopaswa kukumbushwa. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa matanga, watoto wa marehemu husimama mmoja mmoja waseme neno juu ya mzazi wao. Mkubwa hufungua. Mdogo akipewa ruhusa ya kumtangulia, mkubwa hana tena neno juu ya mzazi huyo, hata akirudi na machozi ya ndoo nzima. Kwa ajili yako matanga ya mama yamebaki wazi, na mimi bado nina kitambaa cheusi kichwani. Baba mdogo ameahirisha, akaahirisha tena. Wiki hii aliniita akanipa ruhusa. "Mama yenu alimungojea ule mutoto mu barabara maisha yote," alisema. "Sasa inatosha."

Ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Nina uchungu nawe, lakini mahali pako kwenye mkeka nitapaacha hadi watu watakapokaa. Ukija, utafungua wewe, nami nitanyamaza hata ukisema yale uliyosema kule.

Usipokuja, nitasimama mimi. Nitasema ndiyo, mama alificha baiskeli. Nitasema aliificha nani asiione, na aliwapa nini badala yake. Kisha nitaketi, nawe hutakuwa na neno tena juu yake, si Uvira wala huko.

Baki salama, dada. Angalia mbele. Usituangalie sisi.

Mdogo wako wa tumbo moja