Meli Isiyo na Moshi

Jumatatu, 1 Februari 1988

Abdulatif, yule mwenye duka la vinyago Kitui, amefika karakana yetu hapa Tawa. Anataka meli! Si twiga, si kifaru — meli ya vita ya Wamarekani, ile inayobeba ndege. Itarudi Mombasa mwezi wa tatu na yeye anataka kumpa kapteni zawadi ya mbao ya muhugu. Nikasimama, nikapangusa mikono. Akanipita! Kazi akampa Kivuva. Eti Kivuva aliiona mwaka jana alipopeleka vinyago Mombasa. Aliiona kwa mbali, imetia nanga huko nje! Na nani alimfundisha kushika tezo? Si mimi, Mulei? Wivu umenishika. Ndiyo, wivu. Hapa hakuna mtu wa kunisoma.

Ijumaa, 5 Februari

Nimeenda kwa Mwalimu Ndila wa sayansi. Ana gazeti lenye picha ya meli yenyewe, ameniazima. Ngai! Urefu unapita futi elfu moja. Watu elfu tano ndani — Tawa siku ya soko haifiki. Ndege inarushwa na mtambo wa mvuke, sekunde mbili tatu iko hewani. Ikirudi ina ndoano mkiani, inanasa waya, inasimama hapo hapo. Kuna lifti nne za kushusha ndege chini. Maji ya chumvi wanayageuza ya kunywa, na mke wangu Kalunde anachimba mchanga wa mto apate debe moja!

Nikauliza mafuta wanaweka wapi. Mwalimu akacheka. Akasema haichomi mafuta, ni nyuklia: joto la mtambo linachemsha maji, mvuke unasukuma meli. Miaka kumi na zaidi bila kuongeza kitu. Kwa hivyo haitoi moshi. Haina bomba la moshi!

Picha hii Kivuva hataiona.

Jumapili, 14 Februari

Ibada ndefu. Kivuva ameimba peke yake mbele, wamama wakapiga vigelegele. Hata sauti anayo!

Jumatano, 17 Februari

Nimepita kwenye benchi ya Kivuva. Kazi safi. Kazi safi sana, shetani ashindwe. Mnara ameuweka kulia, njia ya kutua ameipinda kushoto vile vile kama kwenye picha. Na nilitaka iwe mbaya! Akaniuliza polepole, wengine wasisikie — fundi, mnara huu una bomba la moshi? Kwa mbali hakuona vizuri.

Nikasema meli gani haina bomba. Weka. Weka nene.

Akanishukuru.

Alhamisi, 25 Februari

Ameweka. Nene kama kinu! Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani. Kapteni atauliza hii ni meli ya nani. Abdulatif ataona aibu, kisha atajua fundi wa kweli ni nani.

Jumamosi, 27 Februari

Kalunde ameuliza mbona nachekacheka peke yangu. Nikamfokea bure. Chakula sikumaliza.

Jumatatu, 29 Februari

Abdulatif amekuja asubuhi kuchukua meli. Inang'aa kwa polishi ya viatu, kila mtu akapiga makofi. Abdulatif akasema fundi aliyeichonga aende naye Mombasa leo, kesho apande juu ya meli yenyewe, amkabidhi kapteni kwa mkono wake. Kupanda juu! Nikasikia moto kifuani.

Kivuva akasema hapana, aende Mulei. Eti mimi ndiye nilimfundisha kazi, na hata hii bila mimi angeikosea. Akaigeuza juu chini. Ameandika kwa patasi, herufi kubwa: MULEI NA KIVUVA. Jina langu mbele!

Nimesema nakuja nyumbani kubadilisha shati, na sasa nimekaa kitandani. Kalunde anapiga pasi huku akiimba. Bomba naweza kulikata, dakika tano kwa msumeno. Lakini Kivuva ataniuliza nimejua lini kwamba meli haina bomba. Nitamjibu nini? Na nisipolikata, ni mimi nitakayesimama mbele ya kapteni. Aki nimejimaliza mwenyewe! Abdulatif anapiga honi, mara ya pili. Kivuva yuko mlangoni, amekumbatia meli. Anasema fundi, toka uibebe mwenyewe — anaogopa hilo bomba lisije likavunjika