Tofali la Ishirini na Nne

Chumba 12, Jengo B,
Makazi ya Kiwanda cha Nguo,
Hanoi.
Tarehe 4 Novemba 2024

Dada yangu Khuê,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Điền, na Sáng na mkewe, na wale wajukuu wawili ambao mmoja wao bado sijambeba. Nataraji mvua za huko milimani zimekatika, kahawa inaiva vizuri, na kile kifua cha shemeji hakimsumbui tena usiku. Sisi huku tunaendelea. Goti langu la kushoto limekataa ngazi, basi nashuka mara moja tu kwa siku, na nikishashuka nazurura mpaka jioni ili safari iwe na faida. Mwanangu Hảo anakusalimu na anasema kile kilo cha kahawa ulichotuma amekimaliza peke yake.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, tangu wiki iliyopita nimekupigia mara nne, na mara zote nne nimekuuliza habari za mvua nikakata. Ile ya mwisho ulicheka, ukaniuliza kama watu wa hali ya hewa wameniajiri. Nilicheka nawe, halafu nikakaa kitandani nikalia. Lipo jambo ambalo mdomo umekataa kulitoa, sasa najaribu mkono. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia kunitukana.

Bwana Vịnh, yule mwalimu wa historia aliyestaafu akapewa nyumba ya utamaduni ya mtaa wetu aisimamie, alikuja kwangu Jumatano na karatasi zake kwapani. Ukimwona anavyotembea siku hizi utadhani ndiye waziri wa biashara. Maonyesho yake yatafunguliwa Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Ni biashara ya nchi yetu tangu enzi za wafalme hadi leo, yote imebandikwa kwenye kuta nne za ule ukumbi wa mpira wa meza. Ukuta wa kwanza ni wa wafumaji hariri na mitaa ya kale, kila mtaa na bidhaa yake. Wa pili ni wa Wafaransa na chumvi yao, maana babu zetu walikatazwa kuchemsha hata maji ya bahari yao wenyewe. Wa nne ni wa leo, na yumo Hảo akiuza magauni kwa simu, akipiga kelele peke yake chumbani. Wa tatu ndio wetu sisi: kuponi, daftari la mgao wa mchele, duka la serikali na foleni. Nilimwambia ukuta huo si wa biashara, maana sisi hatukuuza wala hatukununua, tulisimama tu. Akacheka mpaka akakohoa, akaliandika na hilo.

Kisha akanisomea maneno uliyomwandikia. Dada, umeandika vizuri, sikujua unaweza hivyo. Umesema Sáng alikuwa na miezi miwili na maziwa yako yalikuwa yamekauka. Umesema Bibi Tửu, mlinzi wa foleni, aliiba tofali uliloliweka likushikie zamu kwenye foleni, ili mpwa wake apate nafasi yako. Halafu umesema jioni ile ile jirani yako Thoa, yaani mimi, naye ana mtoto mchanga, alikugongea mlango akakuletea nusu kopo la maziwa, na kwamba mwanao yu hai kwa sababu ya ile nusu kopo. Bwana Vịnh alivua miwani akaifuta. Eti hayo ndiyo yatakayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote ukutani, na picha yangu chini yake. Akaniomba nitie sahihi kama shahidi. Nikamwambia kalamu yangu imekauka. Akatoa zake tatu mfukoni. Nikamwambia basi macho yananiuma, nitatia kesho, na mpaka leo sijatia.

Umeandika "popote alipo Bibi Tửu", kana kwamba ameshazikwa. Hajafa, dada. Ana miaka tisini na miwili, yuko chumba kile kile cha chini kando ya lililokuwa duka, na macho yake hayaoni ila mwanga. Binti yake amekwisha kuazima kiti cha magurudumu ili ampeleke siku ya ufunguzi, asomewe kuta zote nne. Anamwambia kila mtu kwamba mama yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa foleni, na kwamba hakika watakuwa wamemtaja.

Najua unaikumbuka siku ile, lakini niache niisimulie mimi, maana unaoujua wewe ni upande mmoja. Ilikuwa mwaka themanini na tano, mwezi wa tatu, na majuma mawili yalikuwa yamepita bila kopo la maziwa dukani. Asubuhi habari ikapita majengo yote kwamba gari linakuja saa nane na katoni moja tu, makopo arobaini na nane, makopo mawili kwa kila kuponi ya mtoto. Kufika saa tatu matofali yalikuwa yamejipanga ukutani, kila moja na jina la mwenyewe, na kofia mbili tatu za waliokosa matofali. Bibi Tửu alikuwa kwenye kistuli chake mlangoni, kikapu chake cha chai kimefunikwa kitambaa ili mgambo wasimkamate kwa kuuza kitu mwenyewe. Unamjua alivyokuwa. Tofali la mtu hakumpa mtu mwingine, hata mume wa mtu hakupewa. Siku moja alimfukuza mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kuchukua la mkewe, akamwambia uenyekiti wako uko ofisini, hapa mwambie mkeo aje na miguu yake.

Nilirudi adhuhuri, wengine wote wamekwenda kula. Hảo alikuwa amelia tangu alfajiri mpaka sauti imekauka. Mama mkwe wangu alikuwa amesema mbele ya majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiye na maziwa kifuani wala akili ya kuyapata dukani. Nikayahesabu matofali. Nikayahesabu tena. Langu lilikuwa la ishirini na tano. Lako lilikuwa la ishirini na nne.

Wakati huo Bibi Tửu aliinuka kwenda kuepua chungu chake. Hakukaa ndani hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Dada Khuê, mimi ndiye niliyechukua tofali lako. Nililitia kwenye kikapu changu, nikafunika kwa kofia yangu ya majani, nikasogeza langu pengo lisionekane. Alipotoka alinikuta nimechuchumaa, akaniuliza kama mtoto amenyamaza. Nikamwambia amenyamaza.

Sikuchukua la mtu mwingine kwa sababu mbili, na zote ni chafu. Ya kwanza, lako ndilo lililokuwa mbele ya langu, kwa hiyo shahidi pekee wa nafasi yako angekuwa mimi. Ya pili, nilijua hutanidhania.

Yaliyofuata uliyaona. Gari lilipofika ukatafuta tofali lako huku na huku na Sáng mgongoni. Yule muuzaji wa duka, mwenye kope za kuchora, akakuambia asiye na tofali hana nafasi, eti akikusikiliza wewe leo kesho kila mtu atakuja na ngano zake. Ukanigeukia. Ukaniambia, Thoa, wewe uko nyuma yangu, waambie. Watu wote wakanitazama. Nikasema nimechelewa kufika, sikuangalia mbele yangu kulikuwa na nani. Nikapewa makopo mawili, muuzaji akaipindua katoni tupu ili watu waone, akafunga dirisha.

Mpwa wake Bibi Tửu alikuwa amepata maziwa siku ile, wa kumi na moja, kwa haki yake. Wewe ukamwona na makopo yake ukaunganisha. Loo, dada, ulivyomwambia yule mama! Ulimwuliza kama matofali anayoiba anajengea kaburi lake. Ukamwambia mkono unaomimina chai ndio huo huo unaokwapua. Alimwaga kikapu chake barabarani, vikombe vyote, ili watu waone hamna tofali, na viwili vikavunjika. Mimi nilikuwepo. Nilimwokotea vile vizima, nikamkabidhi, akanishukuru.

Jioni nikakuletea nusu kopo. Ulinishika mikono ukalia. Makopo yote mawili yalikuwa yako, dada. Robo ya haki yako ndiyo niliyokurudishia, na kwa robo hiyo umenishukuru miaka thelathini na tisa. Kila sikukuu ya mwaka mpya, Tết, unampigisha Sáng simu aniite mama yake wa pili. Ananiita, nami naitika. Sijui nilikuwa naitikaje.

Yeye Bibi Tửu watu walimwacha. Hawakumpiga, hawakumtukana zaidi ya siku ile, waliondoa tu matofali yao mbele ya mlango wake. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu wauze. Ungeiona ile shamrashamra, kila dirisha likawa duka, hata wale mgambo waliokuwa wakitufukuza wakafungua vibanda vya tambi! Bibi Tửu alitoa meza yake ya chai hadharani kwa mara ya kwanza maishani, na kitambaa kipya. Wapita njia wageni walikunywa. Sisi wa majengo tulivuka upande wa pili. Mwenzangu mmoja kiwandani alisema hawezi kunywa chai ya mla matofali, wakacheka, nami nikacheka nao. Kabla ya mwaka kwisha akaikunja meza. Wewe ulikuwa umeshahamia milimani, haya hukuyaona.

Mimi je? Mimi nilifungua kibanda cha mboga chachu. Nyumba hii tumeinunua kwa mboga chachu, na Hảo kasomeshwa kwa mboga chachu. Wewe kila ukija unabeba mtungi mzima, unasema hakuna mahali majani ya haradali yanakaa magumu vile mpaka mwisho, na unaniuliza siri yake. Siri ni uzito, dada. Yanatakiwa kugandamizwa sawasawa yasielee. Kinachogandamiza mtungi wangu mkubwa ni tofali moja la kona iliyokatika, lenye jina lako ulilolichora kwa msumari. Siku ile sikuthubutu kulitupa, mtu asije akaliokota akalisoma. Nikalizamisha kwenye maji ya chumvi, jina likitazama chini, na huko limekaa.

Bwana Vịnh ametafuta tofali la enzi zile mtaa mzima, amekosa, sasa anapaka masizi tofali jipya ili lionekane limezeeka. Nilimwambia jana asipeleke maneno yako kwa mchapaji. Amesema maneno ni ya Khuê, na ni Khuê tu anayeweza kuyabadilisha, na mwisho ni Jumanne ya wiki ijayo. Ndiyo sababu barua hii naituma kwa ile posta ya haraka. Ondoa jina la Bibi Tửu. Weka langu pale lilipokuwa lake.

Leo asubuhi nimelitoa tofali, nikalisugua, nikashuka nalo ngazi kwa hili goti langu, nikaenda kwake. Nilimwekea mapajani. Akalipapasa, akapitisha kidole gumba juu ya herufi, moja moja, mara mbili. Akasema, "Khuê! Jamani, limepatikana!" Furaha aliyokuwa nayo, dada, ungekuwa mimi ungekimbia. Akaniambia alilitafuta siku tatu. Aliingia mtaroni mpaka magotini. Alipindua mapipa ya mafuta ya taa nyuma ya duka. Alikwenda kule walikokuwa wanajenga shule, akageuza matofali ya mafundi moja moja akitafuta jina lako, wakamdhania kichaa. Halafu akauliza lilikuwa wapi.

Nikamwambia. Lilikuwa kwenye mtungi wangu tangu saa sita ya siku ile.

Nilisema nisamehe, akaendelea kulipapasa. Nikanyoosha mkono kulichukua tofali nimpelekee Bwana Vịnh. Akalikumbatia. Akaniambia niondoe mkono, hili si langu. Tofali la mtu hampi mtu mwingine, aje mwenyewe na miguu yake. Kisha akamwita binti yake amtolee kistuli mlangoni.

Nimempita sasa hivi nikienda kununua bahasha. Bado amekaa pale, tofali mapajani, na kila anayemsikia akipita anamwuliza kama ni Khuê.

Njoo, dada. Kwangu usipofikia nitaelewa. Nisalimie Sáng, na mwambie sababu ya mimi kutostahili tena jina lile. Shemeji nimemfungia majani ya dawa ya kifua, yamo humu kwenye bahasha.

Ni mimi jirani yako wa tofali la ishirini na tano,

Thoa